Zimwi kwa Kifaransa

Ulikuwa mwaka wa kuku wa barafu. Nguru alikuwa adimu, jodari akifika soko la Mutrah anakwisha kabla jua halijapanda, na kila nyumba mtaani kwetu Khuweir ikawa inapika kuku aliyetoka Ufaransa, mgumu kama jiwe, kavikwa mfuko wa nailoni wenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja na Kifaransa upande wa pili. Tulimla kwa pilau, tukamla kwa biriani, tukamla wa kupaka, mpaka mtu akisikia harufu ya bizari anageuza uso. Watu wakiniuliza mwanangu alikuja Maskati mwaka gani siwapi tarakimu, maana nimesoma chuoni mpaka juzuu ya Amma na skuli darasa mbili, na tarakimu hazikunikaa. Nawaambia mwaka wa kuku wa barafu. Walio rika langu wanajua.

Alikuja na mke na mtoto mmoja wa kike, miaka mitano. Nywele za mtoto rangi ya asali, macho ya marehemu mume wangu yale yale, kama kayang'oa akampachika. Nilimpakata pale pale uwanja wa ndege, na toka saa ile nilitaka kitu kimoja duniani. Nakiandika mapema msije mkasema sikukisema. Nilitaka yule mtoto akulie mkononi mwangu na abaki mkononi mwangu, anifumbe macho siku nikifa. Sikutaka chengine. Nimekikosa, na nimekikosa kwa mdomo wangu huu.

Mama yake ni Mhungaria. Mwanangu alikwenda Hungaria kusomea uhandisi, akitokea Bujumbura tulikokuwa tunaishi. Asili yetu Unguja. Tulipotoka Unguja tulikimbilia Burundi, mume wangu akafungua duka la vitambaa, na mimi nikakaa nyuma ya meza ya duka miaka kumi na tisa. Kifaransa nilichojifunza ni cha dukani: asubuhi njema, mita ngapi, bei haishuki, njoo kesho. Na neno moja zaidi. Jirani yetu alikuwa mama wa Kibelgiji mwenye watoto wakorofi, na kila magharibi akitaka waingie ndani anawatisha na kitu anachokiita ogre. Nikamuuliza ndiyo nini. Akatanua mikono, akaachama, akajipiga tumbo. Nikafahamu: zimwi. Zimwi lao linakula watoto kama letu. Nikalichukua neno nikamtishia wangu, maana zimwi la kigeni linatia khofu zaidi, hujui linapenda kuingilia mlango gani.

Basi siku barua ya mwanangu ilipofika, mume wangu akaisoma kwa sauti dukani. Mwanangu alikuwa akiandika Kiswahili kilichotiwa Kifaransa kama mchele uliotiwa zabibu. Kaandika kuwa kaoa, na mkewe ni Hongroise. Ndivyo Wafaransa wanavyomwita mwanamke wa Hungaria, na mwanamume ni Hongrois. Ukilitamka la mwanamke utasikia "ongruaz". Mimi nilikuwa nakunja kitambaa, sikio moja kwa mteja. Mimi nikasikia ogre.

"Kaoa nini?" nikauliza.

Mume wangu hakuinua hata macho. Akalirudia neno lile lile, na mimi nikalisikia vile vile.

Nikakaa chini. Nikamwambia mteja, "Bibi, mwanangu kaoa zimwi." Yule mwanamke alicheka mpaka akashika ukuta.

Jioni mume wangu alinieleza vizuri, taratibu, akanionesha hata kwenye ramani ya watoto nchi ilipo. Nikafahamu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka dukani, limeshapanda kilima. Na mimi, nisikufichieni, lilinipendeza. Mwanangu kaoa bila kuniuliza. Hakuniletea posa niikatae, hakunipa mkono wa bibi harusi niutie hina. Nilihisi nna haki ya kitu kimoja kidogo katika ndoa ile. Nikachukua neno.

Mume wangu alipofariki nilihamia Maskati kwa ndugu zake, na nusu ya wanawake waliokuwa wakikaa nami Bujumbura walikuwa wameshatangulia. Neno lilikuja na sisi kama sufuria na vyombo. Hata kabla mkaza mwana wangu hajaukanyaga uwanja wa ndege, wenzangu walishamjua kwa jina hilo. Tulikuwa tukimwita mbele yake, naye anatabasamu, anadhani labda ndiyo "bi harusi". "Zimwi hajambo?" "Hajambo, leo kapangusa madirisha." Mwanangu alikuwa akenda zake kazini Rusayl, kiwanda cha rangi, anarudi kachoka na vidole vya buluu. Alisikia. Hakusema kitu. Ni mpole mwanangu, upole wa mtu anayengoja mwengine aseme.

Alikuwa mrefu mkaza mwana, mabega ya mpiga makasia, anaamka kabla ya mwadhini. Siku ya kwanza aliyoingia jikoni alimchukua yule kuku wa barafu akamtia vitunguu vingi na pilipili ya unga aliyokuja nayo kwenye mkoba, nyekundu kama damu. Nikaonja nimejitayarisha kuungua. Haikuwasha. Nikawaambia wenzangu: "Hata pilipili yake imelala." Kwa kweli kilikuwa chakula kizuri. Nilikula mara mbili na nikasema chumvi imezidi.

Haukupita mwaka, siku moja yuko uani anaanika, jirani akaita kwa nje, "Zimwi yupo?" Akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Yupo, anaanika shuka za mama mkwe." Tulicheka sote. Yeye hakucheka. Akabana kibanio cha mwisho akaingia ndani. Kumbe mwanamke alikuwa anajifunza kimya kimya, anatuokota maneno moja moja kama mtu anayechambua mchele, na jiwe la kwanza aliloliona ndilo lile.

Ningelikomea hapo pengine ingelisahauliwa. Lakini mjukuu wangu alikuwa akipenda hadithi, na mimi hadithi ndiyo mali niliyotoka nayo Unguja bila kuulizwa na mtu wa forodha. Kila baada ya adhuhuri, kiyoyozi kinaunguruma, yeye kalala juu ya paja langu, namtolea hadithi za zimwi. Na zimwi langu likaanza kuota nywele za njano. Likawa linapangusa madirisha ili lione watoto wanapita. Likawa na kopo la unga mwekundu, linawanyunyizia watoto kabla ya kuwala. Sikulifanya kwa kulipanga. Ulimi ukishapata njia hauulizi unakwenda wapi.

Mchana mmoja mtoto akakataa kula. Mama yake kamshikia kijiko cha mchuzi ule wa kwao, mtoto kafumba mdomo, kajificha nyuma ya kanga yangu.

Mkaza mwana alinijia chumbani baadaye. Hakukaa. "Mama," akasema, "nakuomba. Mbele ya wenzako niite utakavyo. Kwenye hadithi za mtoto usinitie."

"Hadithi ni hadithi, mkwe wangu. Zimwi halikukutaja jina."

"Halikunitaja. Limevaa nywele zangu."

Nikaliondolea zimwi nywele. Pilipili nikaiacha.

Ilikuwapo siku moja ya kheri, niiseme. Tulikwenda Qurayyat Ijumaa, mwanangu kanunua changu na kolekole pwani wakiwa bado wanaruka, na mkaza mwana akachukua kisu akawapaa na kuwapasua mmoja baada ya mmoja, mkono mwepesi, magamba yanaruka kama fedha. Wanawake wa pale walisimama kumtazama. Mmoja akaniuliza, "Huyu wenu?" Nikasema, "Wetu." Mkaza mwana alilisikia. Akaniangalia, na mimi nikaona kuwa anangojea kitu, hata neno dogo. Nilitaka kumpa. Nikamwambia kisu kile kipelekwe kunolewa.

Sasa na hili niliseme, maana mjukuu wangu alikuja kunitupia usoni. Mimi nimeitwa majina. Unguja, mtoto mdogo, watoto wenzangu wakimwona baba yangu na punda wake wanatawanyika wakipiga kelele, "Mmanga huyo, Mmanga huyo," kwa sababu mama zao waliwaambia kuwa Waarabu wa Manga wanaiba watoto wanawatia kwenye magunia ya tende. Baba yangu, aliyekuwa akitoka uani kuku akichinjwa kwa kuwa hawezi kuona damu. Kisha nimekuja Maskati, kwenye nchi ya hao hao Wamanga, nikaambiwa mimi Mzinjibari. Siku moja dukani Ruwi, nanunua kitambaa cha Idi, mjukuu wangu yuko nami, miaka kumi na moja hivi, mwanamke mmoja akamwambia muuzaji kwa Kiarabu amhudumie yeye kwanza, hawa Zinjibari wangoje, wamezoea kungoja. Nikamgeukia. Nikamwambia sitoki dukani na yeye hatoki mpaka aniombe radhi. Nikasimama mlangoni. Nna mwili, mlango ulijaa. Aliomba. "Samihini, ya khalti." Nilitembea mpaka garini kwa maringo, na mjukuu wangu kanishika mkono kama kamshika malkia.

Alikua. Akashika Kifaransa. Mimi ndiye niliyemwanzishia, asubuhi njema na mita ngapi, yeye akakipeleka mbali: chuo kikuu, na meli za watalii zikitia nanga Bandari ya Sultan Qaboos alikuwa akishuka kwenda kuwafasiria Wafaransa. Nilijisifu kwa kila mtu, mpaka kwa muuza mboga wa Kibangali asiyejua neno nililokuwa nikimwambia.

Mwaka wake wa pili chuoni mwalimu akawataka waandike kuhusu jina la taifa moja, namna lilivyotembea ndani ya vitabu vya Kifaransa. Wenzake wakachagua Waarabu, Waturuki. Yeye akachagua watu wa mama yake. Wiki nzima anasoma makamusi manene kama matofali. Ijumaa, tumekaa wanne kwenye busati tunakula, akaanza kueleza. Alikuwa na furaha, uso unang'aa. Kwenye mashairi yao ya vita vya zamani, akasema, washairi wa Kifaransa wakihesabu maadui wanawapanga safu moja: Waarabu, na Wahungaria. "Mimi ndiyo safu nzima, Bibi," akasema, akacheka. Kisha akasema farasi aliyehasiwa Wafaransa wanamwita hongre, na maana yake Mhungaria tu, kwa kuwa namna ile ya kuhasi waliiona inatoka kwao.

"Basi taifa zima hilo farasi wa kuhasiwa," nikasema.

Mwanangu akakohoa.

"Na kuna hili, Bibi, ulisikie," akasema mjukuu wangu. "Zamani wapo wataalamu waliosema kuwa ogre, zimwi, ni neno hilo hilo. Hongrois. Kuwa hao Wahungaria wapanda farasi walikuja wakatisha watu, jina lao likabaki kwenye hadithi za watoto, likawa jina la mla watu. Wengine wamelikataa, wanasema limetoka Kilatini, jina la mungu wa kuzimu..."

Mimi habari ya Kilatini haikunifikia. Nilikuwa nimeshasimama. Goti linaniuma na nilisimama kama msichana. "Mmesikia? Mmesikia? Miaka yote mkinicheka, bibi hajui, bibi kasikia vibaya. Sikusikia vibaya. Limo vitabuni. Wasomi wa Ufaransa wameliandika. Zimwi ni zimwi."

Nilikuwa na furaha, wallahi. Mtu asiyesoma akikuta wasomi wamesema alichosema yeye, hufurahi kama kaletewa cheti. Sikumtazama mkaza mwana mpaka niliposikia kijiko chake kinalazwa juu ya sahani, polepole, kisipige kelele.

"Mama," akasema. "Mama yangu kule ni mgonjwa, unajua. Mwezi ujao nakwenda kumuuguza. Nilikusudia nende na nirudi. Mtoto abaki kwako, asome hapa, kama unavyotaka. Nnajua unavyotaka." Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, cha kwangu mimi, kakitoa kinywani mwangu. "Miaka kumi na nne nimeitikia jina hilo. Sitaki chengine. Niombe radhi, mara moja, hapa mbele yao. Ukiniomba narudi, na yeye hatoki nyumbani kwako. Usiponiomba tunakwenda sote, na kurudi haturudi."

Mwanangu anatazama wali. Mjukuu wangu kashika karatasi zake, uso umemzimika.

Nilikuwa bado nimesimama. Labda ningekuwa nimekaa ingekuwa chengine. Mtu aliyesimama mbele ya watu ni vigumu kurudi chini. Nikasema:

"Siombi radhi kwa neno nisilolitunga."

Mjukuu wangu alinifuata jikoni siku ya pili, nachambua choroko. Akakaa juu ya ndoo.

"Bibi, yule mwanamke wa Ruwi ulimlazimisha."

"Yule alinikusudia mimi."

"Na wewe ulikuwa ukimkusudia nani?"

"Neno si langu. Umelisoma mwenyewe. La Wafaransa."

"Neno hukulitunga, sawa. Hadithi ulitunga wewe. Mimi nilikuwa namwogopa mama yangu, Bibi. Nilikuwa nikimwona anapangusa dirisha najificha chini ya kitanda."

Kwenye choroko nilikuta mawe matatu, nikayatoa nikayapanga. Akasema, "Basi mdanganye. Sema tu, hata kama moyoni huna." Nikamwambia mimi si mwongo. Akacheka kidogo, cheko la mama yake, la pua, akasema, "Hapana. Wewe Mmanga." Tulikuwa tukitaniana hivyo siku zote. Siku ile sikujua kama ni utani.

Nilikuwa na siku ishirini na sita. Nilizihesabu kwa swala. Kila asubuhi najiambia leo, mchana najiambia jioni, jioni namsikia anafungasha, utepe wa gundi unachanika krr, krr, na hasira inanipanda kwa sauti ile. Wenzangu barazani, wao ndio waliokuwa wakicheka, sasa wananiambia, "Mwombe tu, ina tabu gani." Wao hawakukaa nyuma ya meza ya duka siku ile barua ilipokuja. Wao hawakukosa harusi ya mwana wao wa pekee.

Siku ya safari sikwenda uwanja wa ndege. Mwanangu alikuja kuniaga chumbani. Yeye alikuwa abaki miezi mitatu amalize mkataba wa Rusayl, kisha awafuate. "Mama, ungesema tu."

"Na wewe ungesema miaka kumi na nne nyuma."

Akainamisha kichwa. Hilo lilikuwa kweli, na halikunisaidia kitu.

Mkaza mwana aliinama akanibusu mkono, kwa adabu kamili, kama nilivyomfundisha mimi. Mjukuu wangu alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Kisha mlango wa gari, kisha mlango wa gari wa pili. Niliingia chumbani kwake nikakuta kaacha karatasi za insha juu ya meza, Kifaransa kitupu. Nilitafuta yale maneno mawili, nikayapata, maana alishawahi kuniandikia niyajue. Hongrois. Ogre. Nikayatazama. Yanafanana kidogo tu. Mtu mwenye macho mazuri hawezi kuyachanganya.

Sasa nakaa na binamu wa marehemu mume wangu ambaye hasikii. Wenzangu wawili wameshakufa. Chumba cha mjukuu wangu tunawekea mchele. Simu hulia siku za Idi, na sauti yake kila mwaka inakuwa ya mtu mwengine; Kiswahili chake kimeanza kuteleza, anasahau jina la kitu kidogo, anasema "kile cha kukunia nazi". Nafunga simu nakaa na neno mbuzi mkononi sina wa kumpa.

Majira ya baridi yaliyopita alipiga mchana, si siku ya Idi. Ana mimba, miezi sita. Mumewe wa huko huko, mtu mwema anasema. "Bibi, nataka nije nizae Maskati. Nikae kwako, arubaini zote. Mtoto umpokee wewe. Umfundishe maneno, mimi yananitoka." Nikashika ukuta. Akaendelea, haraka, kama anaogopa laini itakatika: "Mama hapingi. Kasema atanileta mwenyewe. Lakini hawezi kuingia nyumba ile vile vile, Bibi. Kasema umwambie tu. Hata kwa simu. Nampa simu, Bibi. Yuko hapa."

Nikasikia simu inapita mkono kwa mkono. Nikasikia anapumua, mwanamke yule aliyeniosha miguu nilipovunjika fupaja, wiki sita, asinung'unike. Miaka imempita na yeye; pumzi yake ni ya mtu mzima. Nilikuwa na kila kitu nilichokitaka duniani upande wa pili wa waya. Kinywa nilikifungua tayari. Neno nililipanga: mkwe wangu, nisamehe. Maneno matatu tu, mtoto wa miaka miwili anayaweza.

"Mama," akasema. "Nakusikiliza."

Na nikakisikia kinywa changu, kikavu, kinasema kwa sauti ile ile ya Ijumaa ile:

"Siombi radhi kwa neno nisilolitunga."